MT Power Drum Kit, Sitala au EZdrummer: dramu za kuanzia kwa prodyuza wa Mtwara

Korosho zikishauzwa mnadani na fedha zikaingia kwa wakulima, chumba changu cha studio hapa Magomeni, Mtwara mjini, hakikosi wageni. Wengine wanakuja kurekodi. Wengine ni vijana walionunua kompyuta juzi, wakapakia programu ya muziki, na sasa wana swali moja: "Kaka, mbona dramu zangu zinasikika kama mtu anagonga boksi? Niweke zipi?"

Huwa sijibu kabla sijauliza mambo matatu. Kompyuta ina RAM kiasi gani? Unapakua kwa bando la simu au kuna intaneti ya kudumu nyumbani? Na unatengeneza muziki gani? Anayetaka nimtajie iliyo bora kuliko zote ananikumbusha mteja anayeingia duka la vyombo akauliza sufuria ipi ni bora, kabla hajasema kama anapika wali wa harusi au uji wa mtoto.

Hapa nalinganisha programu nne za dramu ambazo nimezitumia kwa mikono yangu: MT Power Drum Kit 2, toleo la bure la Steven Slate Drums, EZdrummer 3 ya kulipia, na Sitala, ambayo yenyewe ni sanduku unalolijaza sauti zako. Nyingine nitazigusa kwa kupita.

Kilichomo ndani

Dramu za sampo, yaani za vipande vya sauti vilivyorekodiwa, zilianza kama dramu za kweli. Mpigaji ameketi studio, akapiga sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwa upole, akapandisha kidogo, akapandisha tena, mpaka akaitwanga. Kila pigo likawa faili. Kisha ikaja kiki (nasema kiki ya mguu, si ile ya wasanii wanaotafuta kuzungumzwa), tomu, haihati (visahani viwili vinavyogongana), na visahani vikubwa vya krashi na raidi. Maikrofoni nyingine zilikuwa karibu kabisa na ngozi, nyingine juu ya seti, nyingine huko kwenye kona ya chumba. Wewe ukibonyeza kibodi au ukichora nota, programu inatazama umegonga kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127 kwa vipimo vya MIDI (lugha ambayo vyombo na kompyuta vinaelewana kwayo), halafu inatoa faili linalolingana na nguvu hiyo.

Ufundi huu una umri. Linn LM-1, mashine ya kwanza ya dramu kutumia sauti zilizorekodiwa, ilitoka Marekani mwaka 1980. Mwaka huohuo Roland ya Japani ikatoa TR-808, ambayo haina rekodi yoyote ndani yake, sauti zinazalishwa na saketi za umeme. Tofauti ya mashine hizo mbili inakuhusu mpaka leo. Kama biti zako zinaishi kwa kiki ndefu ya 808 na makofi, au unafanya singeli inayokimbia midundo 200 na zaidi kwa dakika, basi mengi ya hapa chini hayakuhusu. Tafuta sampo fupi safi, zipange kwenye FPC, sanduku la vitufe vya dramu linalokuja na programu ya muziki ya FL Studio, endelea na kazi. Seti iliyorekodiwa kwa maikrofoni kumi itakuongezea mzigo tu.

Mwenye kuzihitaji ni yule wa kwaya, wa bendi, wa sebene, au wa Bongo Fleva anayetaka msikilizaji aamini kuna mtu amekaa nyuma ya dramu anatoka jasho.

Nina jirani, babu mmoja aliyepiga ngoma tangu ujana wake huko Newala. Siku moja alikuja kumsubiri mjukuu wake aliyekuwa anarekodi. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikarudi kwenye biti. Akasikiliza kimya kama dakika mbili.

"Mjukuu wangu, huyu anayepiga ni nani?"

"Ni kompyuta, babu."

"Ahaa. Ndiyo maana hachoki. Mkono wake unarudi palepale kila mara."

Mzee alikuwa ameuweka kidole kwenye kidonda. Faili moja la haihati likirudiwa mara 16 kwa nguvu ileile, unachosikia ni cherehani. Programu nzuri zinatibu ugonjwa huu kwa njia mbili: tabaka nyingi za nguvu, na zamu, yaani mafaili kadhaa ya pigo lenye nguvu sawa yanayopokezana ili lisirudi lilelile. Kwenye tabaka na zamu ndiko GB zinakotoka na fedha zinakokwenda. Tangu siku ile kila dramu ninayoijaribu inapita kwenye kipimo cha babu: haihati peke yake, mapigo 16 mfululizo, macho nimefumba.

Kompyuta na bando kabla ya sauti

Superior Drummer 3 ya Toontrack, iliyotoka 2017, ina takriban GB 230 za sauti zilizorekodiwa Galaxy Studios huko Ubelgiji. Ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini piga hesabu: kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde isiyoyumba hata mara moja, GB 230 zinachukua saa 102. Hizo ni siku nne na ushee, usiku na mchana, bila umeme kukatika. Nani hapa mtaani ana siku nne za namna hiyo? Mimi niliwahi kupoteza usiku mzima wa kupakua kitu kidogo zaidi ya hicho, umeme ukaondoka alfajiri, na faili likakataa kuendelea pale lilipoishia. Bando lilikuwa limekwenda.

Njia ya mkato inayopendwa ni flashi ya rafiki yenye programu zilizokrakiwa. Naelewa kwa nini, na sitajifanya mtakatifu: nilipoanza nilifanya hivyo. Flashi hiyo iliingiza kirusi kilichofuta rekodi za kwaya moja zilizokuwa zimebaki wiki moja kukamilika. Nilikwenda kuwaomba radhi kwa miguu yangu, na nyimbo sita zikarudiwa upya kwa gharama yangu.

Kwa kompyuta ya RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, baki kwenye MT Power au Sitala. Ukiwa na GB 8 na diski ya SSD, mlango wa Steven Slate na EZdrummer unafunguka. Kama fedha ni ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha diski kwanza. Dramu kubwa zinasoma mafaili mengi madogo kwa wakati mmoja, na diski ya kuzunguka hapo ndipo inapokwamia, sauti ikaanza kukatikakatika.

Halafu kuna kuchelewa. Unagonga kibodi, sauti inakuja baadaye, unadhani dramu ni mbovu. Mara nyingi mkosaji ni bafa, yaani idadi ya vipande vya sauti ambavyo kompyuta inavikusanya kabla ya kuvitoa. Kompyuta inasoma vipande 44,100 vya sauti kwa sekunde. Bafa ikiwa 1,024, sauti inachelewa kama milisekunde 23. Katika muda huo sauti ya ngoma husafiri hewani karibu mita 8, kwa hiyo ni kama unapiga ngoma iliyo upande wa pili wa uwanja wa nyumba yako. Shusha mpaka 256 na ngoma inasogea hadi kama mita 2. Kwenye Windows, asiye na saundi kadi ya nje aweke ASIO4ALL, programu ndogo ya bure ya kupunguza kuchelewa huko. Unapopiga weka bafa ndogo, unapofanya miksi (kusawazisha sauti zote) irudishe juu kompyuta ipumue.

Za bure: MT Power na Steven Slate

MT Power Drum Kit 2 ni seti moja tu ya dramu, na haifiki hata GB 1. Unaipakua kwa bando la jioni moja. Ukiifungua inakuonyesha dirisha la kuomba mchango. Kama huna, unaruka na kuendelea. Ninachoipendea ni kwamba sauti zimeshapikwa. Kila kipande kina ikwalaiza yake (ya kurekebisha besi na sauti kali) na kompresa yake (ya kusawazisha nguvu ya mapigo), kwa hiyo anayeanza hatumii wiki mbili kutafuta kwa nini kiki yake haisikiki kwenye spika ya simu. Inakuja pia na maktaba ya midundo iliyopangwa tayari: unachagua wa ubeti, wa kiitikio, unaweka na kijazo katikati.

Kasoro yake inaonekana kwenye kipimo cha babu. Haihati ikipigwa haraka, cherehani inasikika. Midundo yake nayo imelalia roki na popu. Kwa Bongo Fleva ya polepole inaingia, kwa sebene utalazimika kuchora mwenyewe.

Steven Slate Drums ya bure ni sehemu iliyokatwa kutoka kwenye bidhaa kubwa ya kulipia. Unapewa seti moja, lakini sneya yake ina kifua, tomu zinajaza chumba. Kwa bendi ya gitaa zito ningeichukua bila kufikiri. Kwenye kwaya inanipa shida: kiki inatanua mabega mpaka besi inakosa pa kukaa, na waimbaji wa sauti ya nne wanazama. Utaipunguza, ndiyo, lakini anayeanza hajui apunguze wapi. Kuisimika pia kuna hatua nyingi kuliko MT Power, sauti zinapakuliwa peke yake halafu unaielekeza programu zilipo. Vijana wawili wameniletea kompyuta wakidai imeharibika, kumbe folda ya sauti ilikuwa imehamishwa.

Kati ya hizo mbili, anayeanza namwambia MT Power, na sibabaiki. Steven Slate aipakue mwezi wa tatu, akiwa ameshajua anachokikosa.

Anayetumia Linux (wapo, hasa wanaofufua kompyuta kuukuu) ana Hydrogen, ya bure kabisa, nyepesi, nzuri ya kupanga mapigo kwenye visanduku. Akitaka seti yenye maikrofoni nyingi kuna DrumGizmo, ila sauti yake ni mbichi kabisa na inamsubiri mtu anayejua miksi.

EZdrummer 3: lini ulipe

EZdrummer 3 ilitoka 2022. Toontrack, kampuni ya Uswidi, waliirekodi Hansa Studios mjini Berlin, na ukubwa wake ni kama GB 18. Kwa ile intaneti yetu ya megabiti 5 ni saa nane: unaanza saa nne usiku, unaomba Mungu, unaamka. Bei inapita dola 100 kwa mbali, na utahitaji kadi inayolipa mtandaoni, hata zile za kidijitali zinazotolewa kupitia simu.

Kipimo cha babu inapita. Haihati inapumua, kuna kufunguka kidogo, kufunguka nusu, fimbo ikigusa ukingo au uso. Chumba kinasikika bila kuhitaji ekko ya kubandika. Kitu kingine kinachonirudisha kwake ni Bandmate: unaitupia gitaa la solo au kinanda cha mwimbishaji, inasikiliza mapigo yake na kukupendekezea midundo inayoendana nayo. Kwa sebene haijawahi kunipa jibu kamili. Inanipa mifupa, nyama naiweka mimi.

Je, inalipa? Kama unarekodi kwaya mbili tatu kwa mwezi kwa malipo, gharama yake inarudi, kwa sababu muda unaookoa kwenye kuhangaika na haihati ni wa kurekodi wimbo mwingine. Kama hujalipwa hata wimbo mmoja, hiyo fedha nunua hedifoni nzuri na diski ya SSD. Nimeona mtu mwenye EZdrummer anayesikiliza kwa spika za redio ya zamani. Anafanya maamuzi gizani.

Kuna mbinu itakayokusogeza karibu na EZdrummer ukiwa na MT Power tu. Usiache nguvu zote ziwe 127 au 100. Haihati iwe inapanda na kushuka, pigo zito liwe kama 105, jepesi 70, lile la katikati popote baina ya hayo. Kabla ya sneya kubwa, weka sneya ndogo za 25 au 30 zinazonong'ona. Sogeza baadhi ya nota mbele au nyuma kwa milisekunde chache, lakini kiki ya mwanzo wa kila mzunguko wa mapigo iache palepale. Na kumbuka mpigaji ana mikono miwili: akigonga krashi na sneya pamoja, haihati ya fimbo haiwezi kulia wakati huohuo. Wapiga dramu wa kanisani wanalikamata kosa hilo mara moja na watakucheka.

Jambo moja linawapoteza wengi wakihama programu. Kiki karibu kila mahali iko nota namba 36 ya MIDI, sneya 38, haihati iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46, krashi 49, raidi 51. Namba ndizo hizo, majina ndiyo yanayobadilika. Nota 36 ndani ya FL Studio inaitwa C3, kwenye programu nyingine inaitwa C1 au C2. Ukisoma maelekezo yanayosema kiki iko C1 halafu ukaitafuta C1 ya FL, utakuta kimya.

Sitala, na ngoma ambayo hawana

Hizo zote nilizozitaja zina seti ya dramu ya kizungu. Anayetaka ngoma ya kwetu, ya ngozi, yenye mguu uliochongoka wa kuchomekwa ardhini, hataikuta kwenye maktaba zao. Hapo ndipo Sitala inapopata heshima. Toleo lake la kwanza ni la bure, lina vitufe 16, na kila kitufe kina vishikio vichache: sauti, umbo la pigo, kompresa, toni, kushoto-kulia, na kukaza au kulegeza. Unaburuta faili, linaingia. Haina hata wimbo mmoja wa kukufundisha, na haihitaji.

Nimeona watu wakidhani kurekodi ngoma kunahitaji studio kubwa. Chukua simu, tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa), zima feni, funga kuku. Kaa umbali wa mkono mmoja. Rekodi pigo la katikati ya ngozi, la ukingoni, na la kiganja kinachobaki kimeikandamiza ngozi. Kila moja kwa nguvu tatu, kila nguvu mara nne. Ni mapigo 36. Ukiyakata sekunde mbili mbili, kwa sauti ya mono ya biti 24, yote kwa pamoja hayafiki MB 10. Linganisha na zile GB 230 za Ubelgiji. Wakati wa kukata, ondoa ukimya wote wa mwanzo wa faili. Nukta ndogo ya kimya pale inageuka kuchelewa, na utarudi kulaumu bafa.

Sitala inapokea faili moja kwa kila kitufe, kwa hiyo ndani yake chagua 16 yaliyo bora na ubadilishane vitufe kwa mkono ili pigo lisirudi lilelile. Kama una FL Studio, FPC inaishinda Sitala hapo: inakubali tabaka kadhaa kwenye kitufe kimoja, pigo jepesi likaitwa na nguvu ndogo, zito na nguvu kubwa. Kwa kazi ya ngoma natumia FPC. Kwa makofi, njuga na kayamba nabaki na Sitala kwa sababu ya wepesi wake.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Midundo mingine huku ni ya jando na unyago, haipigwi hovyo na haitupwi kwenye biti ya klabu. Bisha hodi, amkia, eleza unataka nini, na mpigaji asiondoke mikono mitupu.

Mwezi uliopita nilimfuata babu. Akawasha moto wa makuti, akaikaza ngozi, akanipigia mapigo yangu yote 36, nami nikapanga usiku kucha. Asubuhi nikampelekea hedifoni. Akasikiliza haihati ya EZdrummer chini, ngoma yake juu, kichwa kinatikisika.

"Huyu sasa anachoka," akasema. Kisha akazivua hedifoni. "Lakini yale mapigo ya mwisho ngozi ilikuwa imeshakunywa unyevu wa bahari. Umesikia ilivyoshuka? Lete makuti, tuyarudie."